Dawa Isiyo ya Pumu

Mwanangu Raya,

Salamu zangu zikufikie hapo hapo ulipo, maana bado hujaondoka. Uko uani unamchekesha bibi yako, na hujui kama nimekaa nyuma ya nyumba juu ya mbuzi ya nazi, naandika. Ndani hakuna pa kukaa. Mkoba wako umefunguliwa kitandani, na wifi yangu Zuhura anapanga nguo na kupangua. Alasiri imeshasaliwa. Kesho asubuhi utapanda meli naye kwenda Unguja, ukakae na kusoma kwa mjomba wako Khamis, na hapa Ole nitabaki mimi na bibi yako.

Labda ukubwani utaona ajabu kwamba msichana wa kidato cha sita, ambaye hata mtihani wa mwisho hajaufanya, alikuwa anakuita mwanangu. Lakini kwetu mdogo wa mama ni mama. Dada yangu Bikombo alipokuzaa, mimi nilikuwa bado mtoto wa kupika mchanga kwa vifuu. Alipofariki ulikuwa hujajua kukaa, na baba yako alikuwa ametangulia. Bibi yako alikufunga mgongoni mwangu kwa kanga ya marehemu akasema, "Mwanao huyo." Hakusema kwa mzaha, nami sikucheka.

Sitakuandikia habari za kuoga, kuchana nywele wala kufua sare. Hayo mkaza mjomba wako atakuonyesha, na kwa jinsi ninavyomuona anavyokunja nguo, atakuonyesha vizuri kuliko mimi. Ninalo jambo moja tu linalonikaa kifuani, nalo ni dawa yako. Naogopa itakoma. Mjomba wako anajua ni dawa ya nini, lakini kazi yake ni ya zamu, siku nyingi hulala huko huko. Atakayekupa dawa ni mkewe, na yeye ameambiwa una pumu. Mjomba wako ametukataza tusimwambie zaidi. Alisema kwa simu kwamba Zuhura ni mwoga wa maradhi, ana watoto wadogo, atatenga vyombo. Akasema atamwambia mwenyewe, pole pole. Namjua kaka yangu. Pole pole yake haina mwisho.

Tulishawahi kumkabidhi mtu mwema dawa asiyoijua, Raya, na nataka ulijue lililotokea, kwa kuwa ulikuwa mdogo na huwezi kulikumbuka.

Ulipogundulika una virusi, ulikuwa umeshajua kutembea. Kabla ya hapo tulikuwa tunakupeleka kwa homa, kwa kuharisha, kwa kifua, na kila mara tunarudi na chupa ya dawa tamu. Siku ile nesi alifunga mlango, akatueleza mimi na bibi yako. Tukashika njia ya kurudi. Tulipofika karibu na nyumbani tukakutana na jirani yetu Bi Sharifa, ametoka kuchimba mihogo, akauliza mtoto ana nini. Bibi yako akajibu, "Pumu." Basi ikawa pumu. Mimi ndiye niliyelisema neno lile vizuri kuliko wote. Nilikufundisha na wewe, hata ukawa unawaambia watu kabla hujaulizwa, na kifua unakitunisha.

Siri ile ilitulinda, lakini ilitutenga. Nilipokwenda kusoma Wete nikakaa kwa jamaa pale Jadida, wenzangu wa chumbani walikuwa wanasimuliana habari za majumbani mwao hadi usingizi unawachukua. Mimi nilikuwa na habari moja tu, nayo haikuwa ya kusimuliwa. Walinipenda, lakini walimpenda mtu ambaye nusu yake hawakuonyeshwa.

Msimu wa karafuu mwaka ule mimi nikiwa shule, bibi yako alikwenda dago, akakaa huko huko mashambani na wachumaji wenzake. Wewe alikuacha kwa Bi Sharifa pamoja na chupa yako, akamwambia: ya pumu, kila siku. Bi Sharifa alikupenda kama wajukuu zake. Siku za mwanzo alikupa. Kisha akaona hukohoi, unakimbia, unakula. Nawe unajua kwetu wazee husemaje: kumpa dawa asiyeumwa ni kuyaita maradhi. Akaiweka chupa juu ya kabati. Bibi yako aliporudi, Bi Sharifa alimkabidhi chupa karibu imejaa, kwa furaha kabisa. "Mwenu kapona, yakhe. Hata sikumpa." Bibi yako akamshukuru. Angemwambia nini?

Haukupita muda, surua ikaingia kijijini.

Niliitwa darasani. Nilipofika hospitali macho yako yalikuwa yamefumba kwa utando, midomo imepasuka, na sauti yako ilikuwa kama ya mtoto wa paka. Bi Sharifa alikuwa ameshafika kabla yangu na uji kwenye chupa ya chai. Ameshika kadi yako ya kliniki, anawaonyesha watu. Mhuri wa chanjo ya surua upo. Anauliza kila anayepita na koti jeupe: "Huyu kachanjwa. Imekuwaje?" Nesi yule yule wa mwanzo akanivuta pembeni. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ulipochanjwa ulikuwa na virusi tayari, nasi hatujui, na mwili uliozidiwa na virusi haujifunzi chanjo vizuri. Halafu dawa nayo ikakatwa, mwili ukazidi kudhoofika. Mimi nilisikia neno "dawa ikakatwa" tu. Mengine yalinipita.

Ulipona. Nilipokuona unaomba embe bichi nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kukukatalia embe.

Lakini nyumbani kulikuwa na jambo jingine linanisubiri. Bi Sharifa alikuwa na mjukuu mchanga, na siku ya kliniki ilipofika hakumpeleka. Nilimuuliza nikiwa nachota maji kwake. Akanijibu bila ukali, kama mtu anayeeleza bei ya samaki: "Wa kwenu kachanjwa na mihuri yake, kaugua mpaka tukakata tamaa. Wa kwangu nimpeleke akatobolewe paja bure?" Wanawake wengine wawili waliokuwepo wakaitikia. Nilikuwa najua chanjo haikuwa na kosa. Lakini ili niitetee ningelazimika kusema kwa nini mwilini mwako haikushika, na hapo ningekutoa wewe mbele za watu. Nikachukua ndoo yangu nikaondoka. Sijawahi kujiona peke yangu kama siku ile, na ndoo ile ilikuwa nzito kuliko maji yaliyokuwamo.

Jambo hilo nilikaa nalo mpaka nikafika kidato cha tatu. Mwalimu Faki alikuwa anatufundisha baiolojia, somo la kingamwili: wale askari ambao mwili huwaunda ukishaonyeshwa adui, wakabaki wanamkumbuka. Baada ya kipindi nilimfuata nikamuuliza kama mtu anaweza kuchanjwa na mwili usijifunze. Alinitazama. Hakuniuliza kwa nini nauliza, na kwa hilo nitamuombea maisha yangu yote. Alisema atasoma kwanza.

Akaja siku nyingine akanieleza habari za watoto wa tumbili. Alisema katika nchi za mbali kuna wataalamu wanaochunguza tumbili wachanga wa aina nyingine, si hawa wetu, walioambukizwa kirusi cha tumbili ambacho ni jamaa ya kile cha watu. Huwapa dawa ya kukituliza kirusi, huwachanja chanjo za utotoni, kisha hupima damu yao waone kingamwili zimejengeka kiasi gani na zinadumu muda gani. Alisema mtoto anayeachwa na kirusi bila dawa, mwili wake huweza kujifunza kwa udhaifu au kusahau upesi. Anayepewa dawa mapema hupata nafasi nzuri zaidi ya kujifunza, ingawa pengine asiwe sawasawa na yule mzima. Ndiyo maana, akasema, kuna watoto ambao dawa ikishawakaa mwilini hurudiwa chanjo. Akaongeza kwamba bado hawajamaliza kuchunguza, na kwamba mtu akikwambia amemaliza, usimuamini haraka.

Niliporudi nyumbani nilimweleza bibi yako. Alikuwa ametoka kufukuza tumbili shambani, jembe bado mkononi. Akasema, "Tumbili wa huko wanapewa dawa. Wa hapa wanapewa mihogo yangu." Halafu akaniuliza kama hiyo chanjo ya kurudia itauma.

Jioni nikaenda kwa Bi Sharifa. Nilimkuta anapepeta. Nikamwambia nimefundishwa jambo shuleni, nikamsimulia tumbili wale mwanzo mpaka mwisho, na sikutaja mtoto wa mtu hata mmoja. Nilisema chanjo ile ile moja, kwa mtoto mzima inashika, na kwa mtoto mwenye kirusi kisichotibiwa inaweza isishike, na kosa si la chanjo. Ungo wake ulipunguza mwendo. Aliangalia uani kwetu, ambako wewe ulikuwa unaruka kamba, akakutazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na huyo tumbili akinyimwa dawa na mtu asiyejua, dhambi ni ya nani?"

Nikasema, "Ya waliomficha, Bi Sharifa."

Akarudi kupepeta. Siku ya kliniki iliyofuata alimpeleka mjukuu wake, ingawa alikuwa ameshajua kukimbia. Na tangu jioni ile, kila bibi yako akisafiri, Bi Sharifa ndiye anayekuja kusimama mlangoni kuuliza, "Mtoto kanywa?" Hajawahi kulitaja jina la ugonjwa, kwangu wala kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimedhani siri ikijulikana tutabaki wawili tu duniani, mimi na bibi yako. Kumbe wawili tulikuwa tangu zamani, na siku ile tukawa watatu.

Wewe mwenyewe ulirudiwa chanjo ukiwa na meno ya mbele yameng'oka yote. Ulimwambia nesi mkono wako unakwenda shule kujifunza tena. Na nesi alipoona umekua, tulikaa naye tukakwambia ukweli. Mimi nilianza na tumbili wangu, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kuingilia. Ulisikiliza yote, ya kirusi, ya dawa, kwamba mama yako hakutaka kukuambukiza wala hakujua. Nilijitayarisha kwa maswali mengi. Ukaniuliza moja tu: wale tumbili wadogo, mama zao wako wapi? Sikujua. Mwalimu hakunieleza, na mimi nilikuwa sijafikiri kuuliza. Ulilia kwa ajili ya tumbili, Raya, siku uliyoambiwa habari zako mwenyewe. Nilikuacha ulie, na sikukuambia nyamaza.

Hilo nalo ni katika niliyochelewa kujifunza. Kabla ya hapo nilikuwa nakunyamazisha sana. Ulipomwambia rafiki yako wa madrasa kwamba unakunywa vidonge kila siku, nilikukaripia mpaka ukajificha nyuma ya mlango. Baadaye nikawa nakuona unameza huku umegeukia ukuta, kama mtu anayeiba. Sikukufundisha kuiba. Lakini sura ile ulijifunza kwangu.

Bibi yako ananiita. Naacha hapa.

*

Nimerudi. Isha imeshasaliwa, na umelala au unajifanya umelala. Limetokea jambo, na ingawa ulikuwepo, nataka nikuandikie jinsi nilivyoliona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa katikati na aliye katikati haoni.

Nilipofika uani Bi Zuhura alikuwa anachagua mchele, bibi yako anasuka ukili wa mkeka, wewe umekaa baina yao unawapangia mawe yaliyotolewa. Wifi alikuwa ananichokoza: "Wifi, mchele wenu una mawe kuliko barabara ya kuja huku." Bibi yako akamjibu kwamba mawe hayo ndiyo yaliyomkaza Khamis meno, ashukuru ana mume wa kutafuna. Mkacheka wote. Na katika kicheko kile kile, wifi akauliza swali ambalo nimekuwa nikiliogopa tangu tulipoletewa habari ya safari. Akasema, "Hivi mtoto akikaa wiki hakohoi, hiyo dawa nimpe tu, au niiweke?"

Bibi yako aliinamia ukili wake. Najua alikuwa anayawaza maneno ya mwanawe. Mimi nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kile ninachokijua. Nikasema, "Wifi, kuna watoto wa tumbili—"

"Mie nauliza dawa, wewe unaniletea tumbili," akasema.

Ndipo wewe, bila kuinua macho kwenye mawe yako, ukasema, "Si tumbili. Ni mimi. Pumu sina. Nina virusi vya ukimwi, nimezaliwa navyo. Dawa nakunywa kila siku, nikohoe nisikohoe. Ukiiweka nitaumwa."

Ulisema kama unavyosoma sura uliyoihifadhi vizuri. Mkono wa wifi ukasimama juu ya ungo. Kuku wakaja wakadonoa mchele na hakuna aliyewafukuza. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi. "Khamis anajua?"

"Anajua."

"Na mimi ndiye nikae na mtoto, niwe wa mwisho kuambiwa."

Akaweka ungo chini akaingia ndani. Wewe ukaendelea na mawe, lakini niliona hukuyapanga tena, ulikuwa unayasogeza tu. Nikasikia mkoba unapekuliwa. Nikasema moyoni, anatoa nguo za mtoto, anamuacha. Na mwanangu, nisikufiche: nilivunjika moyo, lakini pia kuna sehemu yangu ndogo, mbaya, iliyofurahi. Ilisema, basi atabaki. Nikaionea aibu, nikaingia ndani.

Nguo zako zilikuwa zimetapakaa kitandani. Wifi alikuwa ameifikia dawa yako chini kabisa, nilipoificha ndani ya soksi. Anaifungua ile soksi, machozi yanamtoka, na hasira hajaimaliza. Akachukua mkoba wake wa mkononi, ule anaowekea simu na kitambulisho, akaitia humo. "Dawa haikai chini ya mzigo," akasema. "Mzigo ukipotea je?"

Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Vyombo?" akauliza.

Nikamwambia mnaweza kula sahani moja, hakuna shida.

"Sijasema nitenge. Nauliza nijue. Mie ni mwoga, Khamis hakusema uongo. Mwoga anataka kuambiwa." Akaanza kukunja tena nguo zako, moja moja, polepole kuliko mwanzo. Kisha akasema bila kunigeukia, "Anakunywa saa ngapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na mengine: kliniki utakayohamia, barua ya nesi, ukitapika afanye nini, na kwamba ukichoka husemi, huwa unanyamaza tu. Alikuwa anauliza na mimi najibu, na kila jibu nililompa nililiona linatoka kwangu na kuondoka. Miaka yote nimetamani mtu wa kusaidiana naye kuyabeba haya. Leo amekuja, na sikujua kwamba mikono ikiachiwa mzigo nayo huuma.

Raya, mimi nilitumia tumbili kusema ukweli kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuusema mtupu. Walinisaidia, na sitawadharau. Lakini wewe umewapita. Huko uendako usijilazimishe kumwambia kila mtu. Yako ni yako, utachagua wa kumpa. Ninachokuomba ni kwamba ukichagua kunyamaza, iwe ni kwa kuwa umetaka, isiwe kwa ile sura ya ukutani uliyoipata kwangu.

Mimi nitafanya mtihani wangu. Nikijaaliwa nataka nisomee maabara, nijue kuipima hiyo damu na kusoma inachokumbuka. Siku nikijua mama za wale tumbili walikuwa wapi, nitakwambia, hata kama jibu litatutoa machozi tena. Kesho nyumba hii haitakuwa na mtu wa kuniita mama mdogo, na sijui nitamkaripia nani. Bibi yako anasema tutazoea. Amesema hivyo huku amenipa mgongo.

Saa ya dawa ilipofika, niliinuka kama kawaida yangu nikachota maji kwenye kikombe. Nilipofika mlangoni, Bi Zuhura alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda. Kidonge kiko kiganjani mwake, anakusubiri umalize kufunga nywele. Ukakichukua. Ukakinywa umemtazama usoni, hukugeukia ukuta. Akakuuliza kama kimeshuka, ukafungua mdomo akachungulia, mkacheka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na kikombe changu. Maji mlikuwa nayo.

Nenda salama, mwanangu.

Mama yako mdogo,
Riziki